Mwani wa mesofotiki ni nini hasa?

Mwani sio ule wa ufukweni peke yake. Kuna mwingine unaishi chini huko, kuanzia kama mita 30 hadi 150 hivi na sehemu zingine zaidi, mwanga upo ila hafifu, bluu tupu. Ukanda huo ndo unaitwa mesofotiki.

Kwa muda mrefu haukuchunguzwa sana, maana mzamiaji wa kawaida anaishia mita 40, na wenye nyambizi walikuwa wanapita tu wakiwahi kwenye giza la chini kabisa. Sasa visiwa vya bahari kuu kama Hawaii na Bermuda vimekaa juu ya milima ya volkano iliyoinuka toka sakafu ya bahari, hakuna mito mikubwa ya kumwaga tope, kwa hiyo maji ni maangavu na mwanga unashuka mbali. Mwaka 1984 huko Bahamas, mwani mwekundu ule mgumu unaoganda kwenye mwamba ulikutwa mita 268, mwanga wake ni kama asilimia 0.0005 tu ya ule wa juu, na bado unafanya usanisinuru!

Mwekundu unaeleweka, rangi yake inanasa vizuri mwanga wa bluu na kijani unaobaki chini, ndo maana watu walizoea kusema kina kirefu ni cha mwani mwekundu. Haya, Hawaii wakateremka na nyambizi wakakuta mwani wa KIJANI, mpana kama majani ya saladi, mita 64 mpaka 125, na kwa macho ukiuangalia ungeapa ni uleule wa maji ya kina kifupi. Walipopima DNA, kumbe ni spishi nne zisizojulikana, zikatangazwa 2016 na kupewa majina ya Kihawaii, mfano Ulva iliohaha.

Kwa hiyo mimi naona kuzama ni nusu tu ya ugunduzi. Mkono wa roboti unachuma, kipande kidogo kinakaushwa kwa ajili ya DNA, kingine kinabanwa kwenye karatasi, halafu mtu anakaa na hadubini kulinganisha seli na vielelezo vya zamani, na hapo ndo kazi inachukua miaka, kwa sababu bila kielelezo kimoja rasmi kilichohifadhiwa kwenye hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) hilo jina jipya halitambuliki.