Kitenge cha feruzi kilivyopauka kwenye simu ya mteja

Dada mmoja anauza vitenge Kariakoo alinipigia asubuhi, mteja wake wa Mwanza kagoma kulipa hela iliyobaki, anasema amebadilishiwa mzigo, kwenye picha aliona kitenge cha kijivu kijivu hivi na kilichomfikia ni feruzi inayowaka. Picha nilipiga mimi. Nikafungua faili kwenye kompyuta yangu, feruzi iko vilevile kama kitambaa chenyewe, nikaja kuiona kwenye simu ya dada, imepauka kama imeanikwa juani mwezi mzima. Na ni picha ileile!

Iko hivi. Ndani ya picha hamna rangi, kuna namba tu, kila pikseli, yani kila kidoti kidogo cha picha, ina namba tatu za nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 mpaka 255. Namba peke yake haitoshi, ni sawa na mtu akwambie "nakudai elfu kumi" bila kusema ni ya Tanzania au ya Kenya, hapo unaweza ukalia au ukacheka. Kinachosema ni hela ya nchi gani ndo profaili, yani maelezo ndani ya faili yanayosema hizo namba zisomwe kama rangi zipi. Ya kawaida mtandaoni ni sRGB, waliitengeneza HP na Microsoft mwaka 1996 kwa ajili ya skrini za kawaida za wakati ule. Alafu kuna Adobe RGB ya 1998, hiyo ni pana zaidi, inapendwa na watu wa kuchapa.

Sasa kamera yangu ilikuwa imesetiwa Adobe RGB na nilikuwa napiga JPEG moja kwa moja. Dada akazipitisha picha kwenye apu ya kupunguza ukubwa, ile apu ikafuta profaili, simu ikaona namba hazina jina ikazisoma kama sRGB. Yani shilingi ya Kenya imehesabiwa kama ya Tanzania. Na rangi za kila profaili ukizichora zinakuwa pembetatu yenye kona ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kwenye hizi mbili kona ya nyekundu na ya bluu ziko palepale, inayohama ni kona ya kijani, ndo maana vinavyoumia kuliko vyote ni kijani na feruzi, nyekundu inafifia tu kidogo na ngozi ya mtu inakosa uhai. Ukitaka kujua kamera yako ikoje angalia majina ya mafaili, kwenye kamera nyingi yakianza na kistari cha chini (_) basi ni Adobe RGB. Ukipiga RAW, yani faili ghafi la kamera ambalo halijatengenezwa kuwa picha, hiyo seting haikuhusu, profaili utachagua wakati wa kutoa picha.

Kwenye kurekebisha ndo naona watu wengi wanaharibu. Programu ya kuediti inakupa njia mbili, kukonvati na kuasaini. Kukonvati ni kwenda dukani kubadilisha hela, namba zinabadilika ila thamani inabaki. Kuasaini ni kufuta neno Kenya ukaandika Tanzania, namba hazijaguswa lakini umeshapoteza hela. Kwaiyo konvati kwenda sRGB kwanza, alafu hakikisha pale pa kupachika profaili pana tiki, na utoe JPEG ya biti 8, yani ya hizo namba za 0 mpaka 255.

Kanga nyekundu ina shida yake yenyewe. Nyekundu kali sana haienei ndani ya sRGB, chaneli ya nyekundu, yani zile namba za nyekundu peke yake, inagonga 255 kitambaa kizima, mikunjo inapotea, unabaki na bapa jekundu kama limepakwa rangi ya mafuta. Angalia histogramu, ile grafu inayoonyesha namba za picha zimekaa wapi kati ya 0 na 255, ya chaneli moja moja, usiangalie ile ya jumla, alafu punguza ukolezo wa nyekundu peke yake mpaka mikunjo irudi. Mi huwa napunguza kidogo kidogo huku kanga yenyewe iko mezani.

Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, na JPEG ikibanwa, kwa kawaida rangi inahifadhiwa moja kwa kila pikseli nne, kwaiyo vile vidoti na mistari myembamba ya kanga ya kisutu, nyekundu ikikutana na nyeupe, vinachafuka.

Skrini ya mteja huwezi kuishika. Simu nyingi zina modi ya kukoleza rangi, na ule mwanga wa usiku unageuza kila kitu kiwe cha njano, kwaiyo mwambie mteja auzime kabla hajachagua kitambaa, tena umwambie mapema kabla hajatuma hela.

Za yule dada nilizikonvati zote siku ileile. Na siku hizi kabla sijakabidhi kazi najitumia picha moja kwa njia ileile atakayotumia mteja, naidownlodi upande wa pili, naiweka pembeni ya faili mama, kisha naangalia kama profaili bado ipo.