Ukuta wa chimni haupigwi plasta kama ukuta mwingine

Naulizwa sana kwa nini plasta ya ukuta wa chimni inabanduka wakati kuta nyingine za sebule hiyohiyo ziko poa, fundi yuleyule, simenti ileile. Jamani, upande wa pili wa huo ukuta kuna moto na moshi, hapo ndo shida inapoanzia.

Mimi nilifundishwa na doa. Nilipiga jipsam juu ya matofali ya chimni ya zamani, ikatoka laini kama sahani, rangi nyeupe juu, mwenye nyumba akafurahi nikalipwa changu nikaondoka. Baada ya miezi kadhaa simu, kuna doa la rangi ya chai katikati ya ukuta. Nikaenda nikapaka rangi, likarudi, nikapaka ile ya kuzuia madoa, likatokea pembeni kidogo. Kilichonifumbua macho ni kwamba siku za unyevunyevu doa lilikoza na ukigusa panateleza kidogo, siku kavu linafifia, na paa lilikuwa halivuji hata tone.

Kumbe ni chumvi. Moshi wa miaka na miaka unaacha masizi ndani, na kwenye hayo masizi kuna chumvi zinazopenya kwenye matofali, halafu zinavuta unyevu kutoka hewani. Ukipaka kitu cha majimaji juu yake unaziyeyusha tu zije mbele.

Kwa hiyo plasta ya zamani bandua yote mpaka tofali lionekane, usiishie kwenye mpaka wa doa, vuka. Chukua tindo na nyundo, kwangua pia viungo vya kati ya tofali na tofali kama sentimita moja na nusu kwenda ndani, kisha piga brashi kavu. Usimwagie maji ukidhani unaosha! Na vaa barakoa, masizi siyo kitu cha kuvuta.

Sasa unapiga nini? Simenti tupu mimi siitaki hapo, ni ngumu mno, ukuta ukipata joto unatanuka, ukipoa unarudi, yenyewe haijui kufuata, inapasuka, na salfeti, zile chumvi za kwenye masizi, zinaila taratibu. Jipsam nayo ikikaa muda mrefu kwenye joto la kama nyuzi 50 na kuendelea inaanza kupoteza maji yake ya ndani inakuwa unga. Natumia chokaa ile inayoganda na maji, ndoo moja kwa mchanga ndoo mbili na nusu hadi tatu, mchanga mkali wa chengachenga usio na udongo. Chokaa inapumua na inavumilia kunyumbuka.

Nyunyizia tofali kidogo tu lisinyonye maji ya plasta, lisichuruzike. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la plasta, kama milimita 10, ukishaanza kushika chora mistari ya mshazari na ncha ya mwiko ili wa pili upate pa kung'ang'ania. Usiwahi mkono wa pili, bonyeza na ukucha kwanza, ukiacha alama subiri. Wa mwisho ni mwembamba, milimita 3 hivi. Siku za mwanzo funika na gunia bichi maana chokaa ikikauka haraka inakuwa vumbi.

Bomba la chuma likipita ukutani usilibananishe na plasta, acha nafasi ujaze kamba ya kuhimili moto. Na kama chimni haitumiki tena umeiziba, weka tundu la hewa chini na juu ipitishiwe hewa, la sivyo unyevu unabaki mule ndani.

Kingine, watu wanawasha moto eti plasta ikauke, hapana kabisa! Subiri wiki kadhaa, kisha anza na vijiti vichache, kesho yake ongeza kidogo.

Ile nyumba ya doa nilirudi nikabandua kila kitu kwa gharama yangu nikapiga chokaa. Mwenyewe mpaka leo nikipita ananivuta mkono tukapapase pale palipokuwa na doa.