Kitazamio cha rifleksi kwenye kamera ya filamu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Saa sita mchana pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, jua liko utosini, dagaa wameanikwa, na ziwa linametameta kama bati jipya. Mpiga picha ameinamia kamera ya milimita 16, jicho limebanwa kwenye mpira wa kitazamio, na anachokiona ni picha ya giza yenye chenga. Mkono unakwenda wenyewe kwenye tundu la lenzi kulifungua. Hapo ndipo roli nzima inapoungua, na hatajua mpaka filamu isafishwe.

Roli ya futi 100, yaani mita 30.5, huisha kwa dakika 2 na sekunde 46 ukipiga fremu 24 kwa sekunde. Kwa muda mfupi hivyo, na kwa bei ya filamu ilivyo, inauma kuona kazi ikiharibika kwa sababu ya jambo ambalo lingeelezwa vizuri kwa nusu saa. Mengi kati ya makosa haya yanatokana na imani moja: kwamba kwa kuwa kitazamio cha rifleksi kinapitisha mwanga wa lenzi ileile inayopiga, basi jicho na filamu vinaona kitu kimoja.

Kwanza tujue aina mbili kubwa, maana kila moja ina tabia zake. Arriflex 35, iliyotoka mwaka 1937, ilikuja na shata (kizibo kinachozunguka, kikifungua na kuziba mwanga wa filamu) yenye kioo kilicholazwa kwa digrii 45: shata ikiziba filamu, kioo hurusha mwanga wote kwenye kitazamio, ikifunguka, mwanga wote huenda kwenye filamu. Bolex H16 Reflex ya mwaka 1956 ilifuata njia nyingine. Nyuma ya lenzi kuna prizimu inayochepusha takriban robo ya mwanga kwenda kwenye jicho, na iliyobaki inapita moja kwa moja kuelekea kwenye shata na filamu. Ya kwanza inagawana zamu, ya pili inagawana mwanga.

«Picha ikiwa giza kwenye kitazamio, na filamu itatoka giza»

Hapana. Giza la kitazamio linakuambia tu kwamba tundu la lenzi limebanwa. Kwenye f/16 (namba ya f ikikua, tundu linabanwa zaidi) mwanga unaofika kwenye kioo cha ukungu, yaani kile kioo chenye chenga ambacho picha huchorwa juu yake ndani ya kitazamio, ni kidogo mno, na jicho lililotoka kwenye mng'ao wa ziwa bado halijatulia. Kiasi cha mwanga kinaamuliwa na mita ya mwanga, kasi ya filamu na muda wa shata.

Tuchukue mfano. Filamu ya ISO 50 (ISO ndiyo kasi ya filamu) kwenye jua kali, fremu 24 kwa sekunde, shata iliyo wazi kwa digrii 180 za mzunguko wake, yaani muda wa sekunde 1/48: utapiga karibu na f/16. Bolex ya rifleksi ina shata ya karibu digrii 130, kwa hiyo muda wake halisi ni kama 1/65. Lakini prizimu imekula sehemu yake, ndiyo maana mita ya mkononi huwekwa kwenye 1/80. Hapo jibu linashuka kati ya f/11 na f/16. Ukiwa na filamu ya ISO 250, lenzi nyingi haziwezi kubana kiasi kinachotakiwa. Weka filta ya kijivu ya 0.9, inayokata stopu 3 (kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu), nawe utarudi karibu na f/11. Anayesahau lile punguzo la prizimu hupata filamu yenye upungufu wa theluthi ya stopu katika kila shoti. Si balaa, lakini ni kosa la bure. Kwenye kamera ya shata ya kioo punguzo hilo halipo kabisa.

Njia salama ni kutenganisha kazi mbili. Fungua tundu lote ili uone vizuri na uweke fokasi, kisha lirudishe kwenye namba ya mita kabla ya kubonyeza. Kosa kubwa hapa ni kusahau hatua ya mwisho. Taja namba kwa sauti unapoirudisha. Aliye karibu nawe ataisikia na atakushtua ukiikosa.

«Picha ikiwa na ukungu, zungusha lenzi mpaka itulie»

Hili ndilo tungependa kila anayeshika kamera alielewe kabla ya mengine yote. Ndani ya kitazamio kuna fokasi mbili. Lenzi kuu inachora picha juu ya kioo cha ukungu. Lenzi ya jicho inakusaidia wewe kukiona kioo hicho. Kama lenzi ya jicho haijapangwa kwa macho yako, unaitazama picha kali kwa jicho lisiloona vizuri. Ukizungusha lenzi kuu, unaweza kuharibu fokasi iliyokuwa sahihi.

Kuipanga huchukua dakika mbili. Fungua tundu la lenzi lote, na uelekeze kamera kwenye mwangaza ulio sare: ukuta mweupe, au anga upande usio na jua. Vuruga fokasi kwa makusudi. Kama unatazama mbali, peleka pete ya lenzi kwenye umbali mfupi kabisa. Sasa huoni kitu ila weupe na chenga ndogondogo za kioo cha ukungu. Hizo chenga ndizo unazozitafuta. Legeza pete inayofunga lenzi ya jicho, itoe nje mpaka chenga zipotee, halafu irudishe ndani polepole na usimame mara tu zinapokuwa kali. Usipitilize. Jicho, hasa la kijana, lina nguvu ya kujikaza lenyewe na kukuonyesha ukali ambao halitaweza kuushikilia kwa saa nzima. Inua kichwa, tazama mbali kwa sekunde kadhaa, mathalani kisiwa cha Saanane, kisha rudi. Kama chenga zimebaki kali papo hapo, umepata. Kama jicho linahitaji muda kuzoea, rudia. Ukiridhika funga pete, na chora alama kwa kipande cha utepe. Mtu mwingine akishika kamera, aipange upya kwa macho yake.

Anayevaa miwani anaweza kupanga bila miwani ikiwa shida yake ni ya kuona mbali au karibu tu. Wenye astigmatizimu (jicho lisilo na mviringo sawa) wabaki nayo, kwa sababu pete ya lenzi ya jicho haisahihishi tatizo hilo.

Hakiki kwa mkanda wa kupimia. Weka karatasi yenye maandishi mita 2 kutoka kwenye alama ya filamu iliyo ubavuni mwa kamera, ile duara iliyokatwa kwa mstari, wala usipimie kutoka kwenye ncha ya lenzi. Weka fokasi kwa jicho, kisha soma pete ya lenzi. Ikisema mita 2, kila kitu kiko sawa. Ikisema 2.5 kila unaporudia, lenzi haikukaa kwenye kina chake, au kioo cha ukungu kimehama. Fundi ndiye wa kuigusa.

«Lenzi yoyote inayoingia kwenye uzi inafaa»

Kwa Bolex ya rifleksi hili limewachanganya wengi. Lenzi za C, zile za uzi wa kawaida wa kamera za milimita 16, zimetengenezwa kwa umbali wa milimita 17.526 kutoka kwenye kiti cha lenzi hadi kwenye filamu. Kwa kuwa Bolex hii ina prizimu nene nyuma ya lenzi, umbali huo umeongezwa hadi milimita 20.76 ili fokasi ifike mahali pake. Fokasi inafika, lakini ukali haufiki wote: mwanga unaotoka kandokando ya lenzi hupinda vingine ukipita kwenye kioo nene, na picha inalegea, hasa tundu likiwa limefunguliwa sana. Lenzi zenye alama RX zilichorwa kwa kuhesabu prizimu hiyo. Kwa lenzi za milimita 50 kushuka chini, tafuta RX. Zaidi ya 50, lenzi ya kawaida inafaa. Nayo RX ukiifunga kwenye kamera isiyo na prizimu inakosea upande wa pili. Kwenye kitazamio tofauti hii haionekani, kwa sababu chenga za kioo cha ukungu zinaificha.

«Nilichokiona ndicho kilichorekodiwa»

Kwenye shata ya kioo ni kinyume: wakati unaona, filamu imefunikwa, wakati filamu inapata mwanga, jicho lako liko gizani. Ndiyo sababu picha inapepesa kamera ikienda, na kupepesa huko ni dalili ya afya. Arusini, flashi ya mpiga picha za mnato ikilipuka nawe ukaiona kali ndani ya kitazamio, kuna uwezekano mkubwa filamu haikuiona. Usipoiona, huenda iko kwenye fremu moja, nyeupe tupu.

Prizimu nayo ina mtego wake, na ni mbaya zaidi. Iko mbele ya shata, kwa hiyo picha haikatiki wala haipepesi. Bolex nyingi za rifleksi zina mkono wa kubana shata mpaka ifunge kabisa, kwa ajili ya kufifisha picha mwishoni mwa shoti. Ukiuacha umefungwa, kitazamio kitaendelea kukuonyesha kivuko cha Kamanga kikiondoka, wazi na chenye mwanga, huku filamu ikipita gizani tupu. Kila kabla ya shoti gusa ule mkono kwa kidole. Tazama pia kihesabu cha filamu, kwa sababu kitazamio hakijui kama ndani kuna filamu au la.

Kwa kuwa haipepesi, prizimu inadanganya pia kuhusu kugeuza kamera. Ukifuata mtumbwi kwa haraka utaona mwendo laini, kisha filamu ikionyeshwa ukutani picha itarukaruka. Ile kanuni ya zamani inasaidia: kitu kilichotulia kichukue kama sekunde 7 kuvuka fremu kutoka ukingo hadi ukingo.

«Kitazamio kimekuwa cheusi, kamera imekufa»

Kwenye shata ya kioo, kamera ikisimama huku shata imefunguka, kioo hakipo mbele ya lenzi, nawe huoni kitu. Zungusha kitufe cha kuendeshea mota kwa mkono mpaka picha irudi. Kumbuka tu kwamba fremu iliyobaki wazi wakati huo imeshaungua. Kwenye Bolex, angalia kwanza kama kifuniko cha kitazamio hakijafungwa.

«Vumbi ninaloliona litatokea kwenye filamu»

Kwa kawaida vumbi unaloliona kwa ukali limekaa kwenye kioo cha ukungu, na filamu haipiti hapo. Linaudhi, basi. La kuogopwa ni lile usiloliona: unyoya au kipande cha gundi ya filamu kwenye geti (dirisha ambalo filamu hupigwa mwanga nyuma yake), ambacho kitasimama ukingoni mwa picha katika kila fremu ya roli. Fungua geti kila unapobadilisha roli, limulike kwa tochi ndogo, puliza kwa pampu ya mpira, na chokoa pembe kwa kijiti cha mti laini. Chuma hapana, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye geti utachora mstari kwenye filamu zote zitakazofuata.

Kioo cha shata usikipanguse kwa kitambaa, hata kiwe laini namna gani. Fedha yake iko juu, haina kioo cha kuikinga, na pumzi yako tu inaacha doa. Pampu ya mpira inatosha. Kandokando ya ziwa wadudu wadogo huruka mawingu kwa mawingu, hivyo badilisha lenzi ndani ya gari au begani mwa mwenzako chini ya kanga, kamwe si upeponi.

«Kitazamio kikiachwa wazi hakina madhara»

Mwanga unaoingia kwa nyuma unafuata njia ileile kurudi ndani. Mwanza hali hii ina saa yake. Jioni jua linazama upande wa ghuba, na anayepiga milima ya mawe ya mjini huwa amelipa ziwa kisogo. Ondoa jicho wakati huo, na miale inapenya moja kwa moja kwenye lenzi ya jicho. Prizimu huipeleka hadi kwenye filamu, na picha hutoka na ukungu mweupe usio na asili. Bonyeza jicho vizuri kwenye mpira, na ukifunga kamera kwenye stendi kupiga fremu mojamoja za mawingu juu ya Jiwe la Bismarck, funga kifuniko cha kitazamio kabla ya kuanza. Kwenye Bolex, hakikisha pia kile kishikio kidogo cha filta ya jelatini kiko kwenye tundu lake hata kama hakina filta. Kikikosekana, mwanga una mlango.

«Rifleksi haihitaji mkanda wa kupimia»

Mchana kwenye f/11, hapana shida. Usiku, ukipiga wavuvi wa dagaa na taa zao, tundu likiwa f/2, chenga za kioo cha ukungu zinameza tofauti ya nusu mita, pima. Kwa lenzi ya zumu, vuta hadi mwisho, fungua tundu, weka fokasi, kisha rudi kwenye upana unaoutaka. Ikiwa fokasi inapotea unaporudi, zumu yenyewe haijakaa sawa na inahitaji fundi.

«Ukingo wa kitazamio ndio ukingo wa picha»

Vitazamio vingine vinaonyesha zaidi ya fremu, vingine pungufu, na mistari iliyochorwa huenda ni ya televisheni au ya Super 16, aina ya fremu pana zaidi ya milimita 16. Jaribu mara moja kwa kila kamera: bandika utepe ukutani hasa pale unapouona ukingo, pande zote nne, andika namba kila sentimita 5 kwenda nje na ndani, kamera iwe kwenye stendi, piga mita 3 za filamu. Ni kama sekunde 16. Ikisafishwa, soma namba zilizoonekana pembeni, na uzibandike kwenye mlango wa kamera kwa upande wa ndani.