Zamu ya wiki ijayo ni ya nani?

Kikundi cha kwanza cha wastaafu nilichokiendesha nilikiua mwenyewe, tena kwa bidii. Kilikuwa cha kusoma historia. Nilikuwa nimeshafanya kazi ya elimu ya watu wazima miaka kadhaa, nikadhani najua. Kila wiki nilikuja na picha za kuonyesha ukutani, karatasi za kugawa, na maswali ya mjadala niliyokesha nikiyapanga. Wiki ya kwanza walikuja watu 19. Wiki ya saba walikuwa 6, na wawili kati yao walisinzia. Nikamtafuta mama mmoja aliyekuwa ameacha kuja, karani mstaafu, nikamwuliza nimekosea wapi. Akacheka. "Hujakosea kitu, Mwalimu. Unafundisha vizuri sana. Ila mimi nimekaa miaka 35 nikiandika maneno ya wakubwa. Sasa nimestaafu, nije tena kuandika ya kwako?"

Maneno hayo sijayatua mpaka leo. Waratibu wapya wakiniita, huniuliza kwanza wanakikundi wafundishwe nini. Nami huwauliza zamu ya kuongoza wiki ijayo ni ya nani. Kama jibu ni "ya kwangu", na ya wiki ile nyingine pia ni ya kwake, basi tuna kazi.

Mvutano huu, kati ya kufundishwa na kufundishana, ni wa siku nyingi. Mwaka 1973 Pierre Vellas, profesa wa sheria za kimataifa mjini Toulouse, Ufaransa, aliwafungulia wastaafu milango ya chuo kikuu na kuuita mpango huo Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Umri wa kwanza ni wa utoto na shule, wa pili wa kazi na kulea, wa tatu ni ule wa baada ya kustaafu mtu akiwa bado na nguvu zake. Kwa mtindo wa Toulouse, chuo kilitoa ukumbi na wahadhiri, mstaafu akaja kusikiliza. Wazo lilienea haraka, na kufikia 1975 vyuo vya namna hiyo vilikuwa na chama chao cha kimataifa.

Lilipovuka kwenda Uingereza likageuzwa. Mjini Cambridge mwaka 1981, mwanahistoria Peter Laslett akishirikiana na Michael Young na Eric Midwinter, waliamua kwamba chuo hakihitajiki. Hakuna mtihani, hakuna cheti, hakuna mwalimu wa kulipwa. Ajuaye kitu anawafundisha wenzake leo, kesho anakaa kwenye benchi kumsikiliza mwenzake. Neno la Kiingereza "university", yaani chuo kikuu, walilirudisha kwenye maana yake ya kale, yaani jumuiya ya watu waliokutana ili kujifunza. Leo Uingereza peke yake ina vikundi zaidi ya 1,000 vya mtindo huo. Wazo lenyewe la kujifunza bila mwalimu ni la zamani zaidi, kwani mjini Lund, Sweden, Oscar Olsson alianzisha duru za kujisomea mwaka 1902, kitabu katikati na wasomaji wakizunguka meza. Wale walikuwa wafanyakazi, si wastaafu, lakini meza ni ile ile.

Mimi niko upande wa Cambridge, ila si kwa ushupavu. Kuna mambo yanayotaka mjuzi. Huwezi kujifunza kusoma nota za muziki kutoka kwa watu kumi wasiojua nota, wala lugha mpya kutoka kwa wenzako mnaokosea pamoja. China, ambako chuo cha kwanza cha wazee kilifunguliwa mkoani Shandong mwaka 1983, imejenga mfumo mkubwa wa madarasa yenye walimu, na watu wanagombea nafasi. Basi mleteni mwalimu pale anapohitajika. Lakini hata darasa la mwalimu linaweza kuwa na zamu: mmoja anafungua kwa kukumbusha ya wiki iliyopita, mwingine anaongoza mazoezi, mwingine anawapigia waliokosa.

Hapa ndipo penye kazi hasa, kwa sababu watu hawapokei zamu kwa namna moja.

Kuna anayesema, "Mimi sijui kitu cha kuwaambia watu." Mara nyingi huyu ni mtu aliyefanya kazi ya mikono au ya nyumbani maisha yake yote na hajawahi kuulizwa maoni yake mbele ya kundi. Usimpe mada. Mwombe alete kitu kimoja alichokitumia kazini akieleze kwa dakika 10. Fundi cherehani mmoja alikuja na mkasi tu. Akaonyesha kwa nini shimo moja la mpini ni kubwa kuliko lingine, kwa nini ubapa wa chini lazima uguse meza wakati wa kukata, na jinsi anavyojua kwa sauti peke yake kwamba mkasi umekatiwa karatasi na mtu mwingine. Dakika 10 zikawa 40, na aliyezirefusha si yeye, ni maswali ya watu.

Na kuna wa upande wa pili, bosi mstaafu. Huyu amestaafu kazi, kikao hakijastaafu ndani yake. Anajumlisha hoja za wenzake, anagawa majukumu, anamaliza kila mjadala kwa "kwa hiyo tumekubaliana". Si mtu mbaya. Hajui tu afanye nini na mikono yake. Nimejaribu kumkalisha pembeni na kuzungumza naye, haikusaidia. Kinachosaidia ni vitu viwili vidogo. Kwanza, vibao vya majina mezani visiwe na vyeo vya zamani, jina tu, kwa herufi kubwa. (Vibao viwepo kila kipindi, hata baada ya mwaka. Jina la mtu ndilo linaloponyoka kwanza uzeeni, na hakuna anayependa kuuliza mara ya tano.) Pili, zamu yake ya kwanza iwe kwenye jambo asilolijua.

Nilikuwa na kikundi cha kutengeneza redio za zamani. Bwana mmoja aliyewahi kuongoza idara nzima alipewa redio ya transista iliyokaa kabatini na betri ndani. Betri zilikuwa zimevuja, sehemu ya kuziweka imejaa unga mweupe, springi za shaba zimeota ukijani. Akataka kuikwangua kwa bisibisi. Muuguzi mstaafu aliyeketi kando yake akamshika mkono. "Baba, kidonda hakikwanguliwi kikavu." Akachovya pamba kwenye siki, akaigusisha kwenye ule unga, ukatoa povu dogo. Yule bwana akauliza kwa nini siki na si maji. Mzee mwingine, fundi umeme, akaeleza kwamba majimaji ya betri hizo za alkali huchoma kama magadi, na siki ni asidi, kwa hiyo moja linamtuliza mwenzake. Wakasafisha, wakakausha, wakasugua springi kwa msasa laini mpaka shaba ikang'aa. Redio haikulia. Ikaja kugunduliwa wiki iliyofuata kwamba waya mmoja mwembamba ulikuwa umekatika kwenye maungio yake, na aliyeugundua ni bosi, kwa kioo cha kukuzia, baada ya saa nzima akiwa ameinama bila kutoa maagizo kwa mtu yeyote.

Redio hiyo huitaja kila ninapoombwa kupanga "kitu chepesi kwa wazee". Ombi hilo hutoka kwa watoto wao, au kwa wafadhili, na wana nia njema. Ila mwaka 2014 timu ya mtafiti Denise Park nchini Marekani ilichapisha matokeo ya majaribio kwa watu wa umri wa miaka 60 hadi 90. Baadhi walijifunza ujuzi mgeni kwao, kupiga picha za kidijitali au kushona mablanketi ya viraka, kiasi cha saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Wengine walikutana kwa muda kama huo wakazungumza, wakacheza, wakatembea, bila kujifunza ujuzi mpya. Kumbukumbu iliyoimarika ni ya wale waliojifunza. Furaha ya kukutana ina thamani yake, siibezi, lakini ubongo unataka jambo linalomtoa mtu jasho kidogo. Kasi hupungua kwa umri, hilo ni kweli. Msamiati na maarifa yaliyokusanywa miaka mingi hukaa, na mara nyingi huendelea kukua. Kwa hiyo msirahisishe jambo lenyewe. Punguzeni mwendo tu.

Sehemu ninayogombana nayo zaidi ni chumba. Nimeona vikundi vizuri vikifa kwa sababu ya feni.

Masikio yanapozeeka hupoteza kwanza sauti za juu. Vokali ziko chini, humfikia mtu vizuri. Konsonanti kama s, f, sh na t ziko juu, nazo ndizo zinazotofautisha neno na neno. Ndiyo maana mzee husema, "Nakusikia lakini sikuelewi," na anasema kweli tupu: amesikia kwamba unaongea, hajajua kama ni "fika" au "shika". Ukipaza sauti unaongeza vokali, ambazo hakuwa na shida nazo. Inayosaidia ni kuona midomo. Viti viwe duara, si safu. Anayezungumza asikae na dirisha mgongoni, kwa sababu uso wake unakuwa kivuli. Feni izimwe au isogezwe. Mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hili kwa kikundi cha marafiki ni gumu kuliko mengine yote. Mtu asiyesikia hatasema. Atatabasamu, atatikisa kichwa, na baada ya wiki tatu atasema ana shughuli nyingi.

Macho nayo: jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa 20. Kutaneni saa nne asubuhi, karibu na dirisha, maandishi yawe makubwa na meusi kwenye karatasi nyeupe. Viti viwe na mikono ya kuegemea wakati wa kuinuka, choo kiwe karibu. Basi.

Wanaume wanastahili neno lao, maana waratibu wengi hulalamika kwamba hawaji. Australia walilitatua hilo kuanzia miaka ya 1990 kwa karakana za jamii, ambamo wanaume wastaafu hukutana kurekebisha na kutengeneza vitu. Huko waligundua kwamba wanaume wengi hawazungumzi wakitazamana usoni. Huzungumza wakiwa bega kwa bega, macho yakiwa kwenye ubao unaopigwa randa. Ukimwalika mwanaume kwenye "kikundi cha kubadilishana mawazo" atakushukuru na hatakuja. Mwambie meza imevunjika mguu.

Kuhusu fedha sina mengi. Mchango uwe mdogo, wote watoe sawa, daftari lisomwe mbele ya wote, mhazini naye awe na zamu.

Ukubwa wa kikundi ni watu 8 hadi 12. Wakipungua, wawili wakiugua hakuna kipindi. Wakizidi, zamu huchelewa kurudi na watu hugeuka hadhira. Kila kipindi kijitegemee, kwa sababu hawa ni watu wa kliniki, wa kulea wajukuu, wa kuuguza wenza wao. Atakayekosa mara mbili asirudi kama mgeni aliyepotea.

Lipo pia ambalo miongozo mingi haithubutu hata kuligusa. Wanakikundi watafariki. Nilikuwa sijajiandaa mara ya kwanza. Ilikuwa kwenye kikundi kile cha redio, fundi umeme, aliyeeleza habari ya siki. Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu yake, jina lake liko kwenye daftari kwa mwandiko wake mwenyewe, na pembeni ameandika "spika". Tulikaa. Kibao chake kilikuwa mezani kwa sababu mwenye zamu ya kupanga vibao hakujua akiache au akiondoe, na aliponitazama hata mimi sikujua. Bwana bosi ndiye aliyevuta daftari. Hakufuta jina. Chini yake, tarehe ile ile, akaandika la kwake, kisha akafungua mfuko na kutoa spika yenye karatasi iliyochanika.