Leo mboga gani? Kupanga chakula cha wiki kwa pesa kidogo

Ikifika saa 10 jioni, swali linaloulizwa karibu kila nyumba ni moja: leo mboga gani? Hakuna anayeuliza leo ugali gani. Ugali upo, au wali upo, hilo halina mjadala. Kinachoumiza kichwa ni kile kitakachokaa pembeni yake, na kwa lugha yetu vyote hivyo ni mboga: mchicha ni mboga, maharage ni mboga, na nyama nayo ni mboga. Kazi ya afisa lishe imenifundisha kwamba swali lenyewe ni zuri sana. Ubaya wake ni saa linapoulizwa. Jioni, mkononi una shilingi 3,000, watoto wamerudi shule na njaa, jiko halijawashwa. Hapo mtu hapangi, anajiokoa.

Tunapokutana na vikundi vya akina mama kwenye kata, huwa nagawa punje za mahindi tuzihesabu kama pesa, kila punje shilingi 500. Mtu anatandika khanga chini, anapanga matumizi ya wiki iliyopita: hapa unga, hapa mkaa, hapa sukari, hapa mafuta, hapa mboga. Siku moja mama mmoja anayefua nguo za watu, mwenye familia ya watu 6, alimaliza kupanga akabaki kimya anaangalia fungu la mafuta. Alikuwa ananunua mafuta ya kupima, ya 500 mchana na ya 500 jioni, kila siku. Punje 14, yaani shilingi 7,000. Tukapima kwa kikombe kile kipimo chake, tukazidisha, ikatoka kama lita moja. Duka lilelile lilikuwa linauza lita moja kwa 5,500. Zimepotea punje 3, ambazo gengeni kwake ni mafungu matatu ya mchicha. Kwenye mkaa wa kopo hali ilikuwa hivyohivyo, ila pale hatukuhesabu hadi mwisho kwa sababu wenzake walishaanza kuhesabu za kwao.

Najua jibu linalokuja, maana nililipata siku ileile: "Sasa mtaalamu, hiyo 5,500 kwa mkupuo naitoa wapi?" Ni kweli. Anayelipwa kwa kutwa hawezi kununua vya wiki nzima siku moja, na anayemshauri hivyo hajawahi kuishi kwa pesa ya kutwa. Kinachowezekana ni kwenda na kitu kimoja kimoja. Wiki hii jibane ununue mafuta ya lita, vingine endelea kupima. Kile kilichobaki kwenye mafuta ndicho kitakachokusaidia wiki ijayo kununua kilo nzima ya maharage, siyo robo robo. Baada ya mwezi na kitu, vitu vinne vikubwa vya jikoni umeshavitoa kwenye kupima. Njia ya pili tunayo tayari, ni mchezo, yaani kuchanga pesa na kupeana kwa zamu. Badala ya kupeana pesa ikaishia kwenye vyombo, watu 5 au 6 wanachanga, wananunua gunia la mahindi au la maharage msimu wa mavuno bei ikiwa chini, wanagawana kwa debe au kwa sado.

Tukirudi kwenye kupanga, chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, andika siku 7, na mbele ya kila siku andika mboga kwanza. Ugali, wali, ndizi au viazi utajaza baadaye. Kuna sababu ya kuanzia huko. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na miongoni mwa mikoa iliyokuwa juu kabisa ni Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi! Iringa zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Udumavu una mambo mengi ndani yake, yakiwemo maradhi, maji, na mama kukosa muda wa kumlisha mtoto kwa sababu yuko shambani. Lakini ghala lililojaa mahindi halitoshi kumkuza mtoto ikiwa pembeni ya ugali hakuna kitu.

Kwa familia ya watu wazima 3 na watoto 3, mimi huanzia hapa: unga wa dona kilo 9, mchele kilo 3, maharage kilo 1 na nusu, choroko au kunde kilo 1, dagaa wakavu nusu kilo, karanga nusu kilo, mafuta lita 1, mihogo na viazi vitamu kilo 6 hivi za asubuhi, kisha mboga za majani na matunda ya msimu kila siku. Nyama au samaki mara moja, mayai yakipatikana. Siandiki bei maana ya Mbeya siyo ya Dar es Salaam, na ya Machi siyo ya Agosti.

Maharage ndiyo yenye hesabu ya kujificha. Ni rahisi kununua, ghali kupika, kwa sababu mkaa wa kuyapika kwa muda wa saa tatu unaweza kukaribia bei ya maharage yenyewe. Yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga yale maji, pika kwa maji mapya na sufuria ifunikwe. Yataiva mapema zaidi. Wengine hutia magadi ili yalainike haraka. Yanalainika kweli, lakini magadi yanaua vitamini B1 iliyomo, na kuyaloweka usiku kucha hakukugharimu kitu. Chemsha ya mara mbili kwa pamoja, bila nyanya, bila kitunguu, bila nazi. Nusu unaiunga leo na karanga za kusaga, nusu unaiacha kwa kesho. Kama huna friji, hiyo ya kesho ichemshe tena usiku na asubuhi, usiifunue ovyo, na isivuke siku ya pili. Maharage yaliyoshatiwa nazi usiyalaze. Kwa joto la Pwani asubuhi utayakuta yanatoa povu. Siku ambayo hujaloweka kitu, choroko zitakuokoa, kwani zinaiva bila kulowekwa.

Dagaa wananisikitisha jinsi wanavyodharauliwa. Utasikia mtu anasema "leo tumekula dagaa tu," kana kwamba anaomba radhi. Dagaa analiwa mzima na miba yake, kwa hiyo pamoja na protini unapata madini ya chokaa ambayo kwenye mnofu wa nyama hayapo ya kutosha. Hao wa Mwanza mara nyingi wana mchanga: watoe vichwa, waloweke kwenye maji ya uvuguvugu, wasugue kwa mikono, suuza mara tatu, halafu wakaange na nyanya na kitunguu. Nusu kilo ikigawanywa vizuri inatoa mboga ya siku mbili na bado inabaki ya kukausha kwenye kikaango na kutwanga. Ule unga wa dagaa, kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6, una kazi kubwa kuliko makopo mengi yenye picha ya mtoto mnene.

Hapo kwenye uji niseme jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya wauzaji. Unga wa lishe wenye nafaka nne, soya, karanga, na sasa wengine wanatia hadi mbegu za maboga, vyote vimesagwa pamoja, si lazima uwe bora. Mahindi, mtama, ulezi na mchele ni ndugu. Ukiwa na mmoja huhitaji wote wanne. Karanga na soya zikikaa ndani ya unga huchacha mapema kwa sababu ya mafuta yake, na soya inataka kuiva kwa muda mrefu kuliko unga wa mahindi. Saga nafaka moja au mbili. Karanga zikaange, zitwange pembeni, uzitie uji unapokaribia kuiva. Ni rahisi zaidi, na siku karanga zikipanda bei unaweka dagaa au maziwa.

Kuhusu dona na sembe, nitakuwa mfupi. Sembe ni mahindi yaliyovuliwa pumba na kiini, na humo ndimo zilimo sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi. Dona inashibisha zaidi, ila kwa kuwa kiini kina mafuta haikai sana, hivyo saga ya wiki mbili tu. Na mahindi yachambuliwe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi yaliyoingiwa na ukungu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu zitupe, na karanga vilevile, hata zile ambazo roho inakuuma kuzitupa. Usimpe kuku pia.

Mboga za majani ndiyo sehemu pekee ambapo maskini na tajiri wako sawa. Matembele yanaota kwenye kiroba kilichojazwa udongo, yanaota hata ukiyamwagilia maji yaliyooshea vyombo, unachuma leo na baada ya siku chache yamerudi. Mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu: osha kabla ya kukata, siyo baada, pika muda mfupi, na tia mafuta kidogo au karanga kwa sababu vitamini A haisharabiwi vizuri bila mafuta. Kisamvu kina kanuni yake. Kitwangwe na kichemshwe hasa, kwani kibichi kina sumu, na hapa ndipo pa kutumia jiko la jirani mkipokezana.

Tunda halipaswi kuwa la wageni. Chungwa likiwa msimu wake, au embe kuanzia Novemba hadi Januari, au papai la uani, liliwe pamoja na maharage au mara tu baada yake, maana vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Chai hufanya kinyume. Nyumba nyingi za kwetu chai inakuja na chakula cha usiku. Iahirisheni kama saa moja hivi, hasa kwa mjamzito na wasichana.

Asubuhi ndipo penye tundu jingine la pesa. Maandazi mawili mawili kwa watu 6, siku 6, hesabu mwenyewe kwa bei ya mtaani kwako, kisha linganisha na mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha. Viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani vina vitamini A zaidi. Sukari ya chai ipungue kijiko kwa kijiko bila kutangaza, watoto hawatagundua. Soda ya chupa moja ina vijiko vya chai 8 au zaidi vya sukari, na pesa yake ingenunua yai.

Na yai hilo ni la nani? Hapa ratiba nzuri huharibikia sahanini. Watoto wakila sinia moja na wakubwa, mdogo anakula mchuzi. Mpakulie kwenye sahani yake, uone alichokula. Kukiwa na mayai mawili nyumba nzima, moja ni la mtoto aliye chini ya miaka 2 na jingine la mjamzito au anayenyonyesha. Akina baba wananielewa zaidi ninapolisema hili mbele yao kuliko wake zao wakilisema nyumbani.

Yule mama wa punje 14 nilimkuta tena wiki tatu baadaye, Alhamisi. Alikuwa ameshanunua mafuta ya lita, lakini akaniambia kwamba siku za kwanza yalimshinda: chupa ikiwa kubwa mkono unamimina zaidi, na lita ya wiki iliisha siku ya tano. Basi alichukua rangi ya kucha ya binti yake, akachora mistari kwenye chupa, siku hadi siku. Alinionyesha. Mafuta yalikuwa yameshuka mstari mmoja zaidi ya ilivyotakiwa. Akacheka, akasema Jumanne walikuja wageni.