Picha ya Rangi ya Maji ya Mchoraji Asiyevuma: Namna ya Kuithamini na Kuitunza

Wananchi wengi wanaotufikia hapa Dodoma wakiwa na picha iliyofungwa ndani ya gazeti huanza na swali la bei. Swali hilo ni la haki, lakini kwa picha ya mchoraji ambaye jina lake halijavuka mipaka ya mkoa, bei ndiyo jambo la mwisho kujulikana, kwa kuwa mara nyingi hakuna kumbukumbu za minada za kulinganisha nazo. Thamani yake husimama juu ya yale yanayoweza kuthibitishwa: nani aliichora, wapi, lini, imepita mikononi mwa nani na imebaki katika hali gani. Ndiyo maana sisi huomba kwanza kusimuliwa habari za picha, kisha ndipo tunapoifungua.

Rangi ya maji tunayoizungumzia si ile ya kupaka ukutani. Ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi ya mgunga, ambayo hugemwa hata katika nyika zetu za Singida, na hupakwa juu ya karatasi. Gundi hiyo huyeyuka tena ikiguswa na maji, hata baada ya miaka mingi. Picha za mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), zilizochorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya ubao, hustahimili kufutwa vumbi. Ya rangi ya maji haistahimili, na kitambaa kibichi kinaweza kuondoa anga lote kwa mpapaso mmoja.

Anza kwa kuhakikisha kwamba ulichonacho ni mchoro wa mkono na si nakala ya mashine. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na uangalie sehemu yenye rangi hafifu. Nakala ya mashine huonyesha vitone vidogo vilivyopangika, wakati mchoro wa mkono huonyesha chembe za rangi zilizotuama katika vishimo vya karatasi, ukingo mweusi kidogo pale maji yalipokaukia, na mara nyingine mistari ya penseli chini yake. Kisha geuza nyuma. Sahihi ya mbele inaweza kuongezwa na mtu yeyote. Maandishi ya nyuma, lebo ya fundi wa fremu au bei ya zamani iliyoandikwa kwa penseli ni mashahidi wazuri zaidi, na hao ndio watu wengi huwatupa wanapobadilisha fremu. Mandhari nayo hutoa ushahidi: mchoro unaoonyesha majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hauwezi kuwa wa miaka ya themanini, chochote kilichoandikwa pembeni.

Hali ya picha inahitaji jicho la subira. Niliwahi kufungua fremu ya picha ya ng'ombe wakinywa lambo chini ya mbuyu, ambayo mwenyewe aliamini ilichorwa wakati wa ukungu kwa sababu anga lake lilikuwa kijivu. Chini ya ukingo wa fremu, mahali ambapo mwanga haukufika, ulibaki utepe wa buluu kali wenye upana wa kidole. Anga lile lilikuwa la kiangazi, na jua la dirishani ndilo lililolila. Rangi iliyopauka hairudi, nasi hatumshauri mtu yeyote ampe fundi airudishie, kwani hapo picha huwa ya watu wawili. Rangi za udongo, kama ngeu, yaani udongo mwekundu, ndizo hudumu zaidi. Wekundu wa michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, unalithibitisha hilo.

Kwa hiyo tundika picha kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua; makumbusho mengi hayazidishi mwanga wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa kazi za karatasi. Kioo kisigusane na mchoro, na kadi ya nyuma isiwe na asidi. Dodoma ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, jambo linalotusaidia dhidi ya kuvu inayoota kwenye karatasi, lakini mvua za Desemba hadi Aprili hulowesha kuta, na mchwa hawapumziki. Selotepu iliyokwisha kubandikwa usiibandue mwenyewe.

Bei sasa. Tafuta stakabadhi za kazi nyingine za mchoraji huyohuyo, linganisha ukubwa, mandhari na hali, kisha taja kiwango cha chini na cha juu badala ya namba moja. Kwa maoni yangu, picha ya wastani yenye historia kamili inunuliwe kabla ya nzuri zaidi isiyojulikana ilikotoka. Kumbuka pia kwamba ukinunua picha umenunua karatasi ile tu: haki ya kuichapa kwenye kalenda hubaki kwa mchoraji, na kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 huendelea kwa warithi wake miaka 50 baada ya kifo chake.

Kama mchoraji yu hai, mtembelee. Muulize alisimama wapi alipochora, alitumia karatasi gani na nani alimfundisha, kisha yaandike majibu yake kwenye karatasi ya pembeni pamoja na tarehe, umwombe aisaini, na uiweke ndani ya bahasha nyuma ya fremu.