Dola 32 kwa Saa, na Bado Wakagoma

Ukipanda matatu ya barabara ya Mombasa kuelekea Mlolongo, utamsikia kondakta akigonga bodi ya gari na kuita, "GM! Wa GM shukeni!" Pale stejini hakuna GM tena. General Motors iliuza hisa zake za kile kiwanda kwa Isuzu mwaka 2017, kibao kikang'olewa, na jina la kampuni ya Detroit likabaki midomoni mwa makondakta.

Nilianza na kisa hicho Alhamisi moja jioni, katika darasa ambalo kituo chetu huwafundisha wawakilishi wa wafanyakazi wa Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi. Wengi hufika moja kwa moja kutoka kazini, ovaroli zikinuka thina na rangi. Somo lilikuwa mgomo wa mwaka 2023 wa UAW, chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani, dhidi ya Ford, General Motors na Stellantis. Sikuwa nimemaliza hata utangulizi, fundi mmoja wa kuchomelea aliyeketi nyuma akainua mkono. Anafanya kazi katika karakana inayounda bodi za matatu.

"Mwalimu, umesema fundi wa huko alikuwa anapata dola 32 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya shilingi 4,000. Mimi siku nzima sizifikishi. Hao watu waligomea nini?"

Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa halali.

Kwanza, dola 32 ulikuwa mshahara wa aliyefika kileleni. Mwajiriwa mpya alianza na kama dola 18, na kupanda hadi juu kulimchukua miaka minane. Wale wa muda, tunaowaita vibarua, walikuwa chini yao, na wengine walikaa hapo miaka bila kujua lini wataandikwa rasmi. Watu wawili husimama bega kwa bega, wanafunga bolti zilezile kwenye gari lilelile, na mmoja anapata karibu nusu ya mwenzake. Nilipofika hapo kicheko kilikwisha. Mtu wa Industrial Area hahitaji kuelezwa jinsi kibarua wa miaka sita anavyojisikia akiwa kando ya mtu wa mkataba.

Utaratibu huo wa matabaka uliingizwa katika mkataba wa mwaka 2007, kampuni zilipokuwa zikiyumba. Mwaka 2009 GM na Chrysler, ambayo sasa iko ndani ya Stellantis, zikafilisika na serikali ikaziokoa kwa fedha za walipa kodi. Wafanyakazi nao walitakiwa wajitolee, wakakubali kuondolewa nyongeza iliyokuwa ikipandisha mshahara kadiri bei za bidhaa zinavyopanda. Waliambiwa ni kwa muda. Kampuni zikapona, zikanenepa, na katika nusu ya kwanza ya mwaka 2023 pekee zikapata faida ya takriban dola bilioni 21 kwa pamoja. Mfumuko wa bei ulikuwa umegonga asilimia 9.1 Juni 2022, na ile nyongeza haikuwa imerudishwa. Kwa hiyo swali la fundi wetu lina jibu fupi: waligomea kurudishiwa walichokopesha.

Makubaliano ya zamani yaliisha usiku wa Septemba 14, 2023. Saa sita ilipogonga, wafanyakazi wa viwanda vitatu wakatoka: cha Ford kule Wayne, Michigan, cha GM kule Wentzville, Missouri, na cha Stellantis kule Toledo, Ohio, kinachotengeneza Jeep. Haikuwa imetokea katika historia ya chama hicho kugomea kampuni zote tatu kwa mpigo. Lakini kati ya wanachama karibu 146,000, waliotoka usiku ule walikuwa 13,000 tu. Wengine waliamkia kazini kama kawaida.

Hapa ndipo nilipowaomba watoe kalamu. UAW ilikuwa na mfuko wa mgomo wenye dola milioni 825. Kila aliyegoma alilipwa posho ya dola 500 kwa wiki. Wangetoka wote 146,000, posho peke yake ingekula dola milioni 73 kila wiki, na mfuko ungekauka katika wiki 11 hivi, bila kuhesabu bima ya matibabu. Wakitoka 13,000, ni milioni 6.5 kwa wiki. Kwa kasi hiyo, mfuko ungewalisha zaidi ya miaka miwili. Mwajiri anayesubiri njaa iwarudishe watu kazini, akipiga hesabu hiyo, anajua atasubiri sana.

Tena hakujua zamu ifuatayo ni ya nani. Rais wa chama, Shawn Fain, alikuwa akitangaza mubashara mtandaoni, kwa kawaida Ijumaa, viwanda gani vinafuata. Septemba 22 vituo 38 vya kusambaza vipuri vya GM na Stellantis vilifungwa katika majimbo 20. Oktoba 6 GM ilikubali viwanda vyake vya betri za magari ya umeme viingizwe katika mkataba mkuu, ili kukwepa kufungiwa kiwanda chake cha Arlington, Texas. Oktoba 11 bila ilani ikaja zamu ya kiwanda cha malori cha Ford kule Louisville, Kentucky. Kina wafanyakazi 8,700, na malori yake huiingizia Ford kama dola bilioni 25 kwa mwaka. Wiki mbili baadaye, Oktoba 25, Ford ikawa ya kwanza kuafikiana na chama. Stellantis ikafuata tarehe 28, GM tarehe 30.

Yaliyopatikana ni haya: nyongeza ya asilimia 25 hadi Aprili 2028, ambapo asilimia 11 ililipwa papo hapo, fidia ya kupanda kwa bei ikarudi, na safari ya kufika kileleni ikapunguzwa kutoka miaka minane hadi mitatu. Fundi wa juu atavuka dola 42 kwa saa mkataba utakapokaribia kuisha. Walikuwa wameanza kwa kudai asilimia 40 na wiki ya kazi ya saa 32. Hiyo ya saa 32 waliiacha mezani. Na si wote waliofurahi: kwa GM, mkataba ulipita kwa kura kama asilimia 55 tu.

Na hasara je? Ford ilisema mgomo uliipotezea dola bilioni 1.7, GM ikasema bilioni 1.1. Washauri wa Anderson Economic Group kule Michigan walikadiria hasara ya jumla kuwa zaidi ya bilioni 10, wakijumlisha kampuni, mishahara isiyolipwa, wauza vipuri na wauza magari. Takwimu za ajira za Oktoba zilionyesha sekta ya magari imepungukiwa na watu 33,000, wengi wao kwa sababu ya mgomo. Uchumi mzima wa Marekani, hata hivyo, haukutikisika.

Waliotikisika ni watu wa pembeni, na hawa huwa hawatajwi katika hotuba za pande zote mbili. Kule Fairfax, Kansas, GM iliwarudisha nyumbani watu wapatao 2,000 ambao hawakugoma. Kiwanda chao kilitegemea mabati yaliyokatwa Wentzville, na Wentzville ilikuwa imefungwa. Kampuni ndogo za vipuri nazo zilipunguza watu, na wengi wa hao hawakuwa na mfuko wowote wa kuwapa dola 500.

Vuta picha hiyo hapa kwetu. Chasi ya lori inaunganishwa barabara ya Mombasa. Inapelekwa karakana, inavishwa bodi ya basi la abiria 33, inachorwa michoro na kufungwa spika. Kisha inakabidhiwa mwenye gari ambaye mkopo wa benki umeshaanza kuhesabu riba. Kiwanda kikisimama wiki sita, mwenye kiwanda ana akiba ya kujishikilia. Fundi wa bodi hana chasi ya kuvisha, kwa hiyo hana malipo ya Jumamosi, na mama anayeuza chapati na maharagwe langoni anabaki na sufuria iliyojaa. Anayeitisha mgomo anapaswa kuwajua hao watu kabla ya kuandika notisi.

Kuhusu magari yetu wenyewe, niwatoe wasiwasi: mgomo wa Detroit haukupandisha bei ya gari lako. Mengi tunayonunua ni mitumba ya Japani yenye usukani wa kulia. Mgomo uliotukaribia zaidi ni wa Afrika Kusini mwaka 2013, wakati NUMSA, chama cha wafanyakazi wa vyuma cha huko, kiliposimamisha viwanda vya magari kwa wiki tatu hivi. Wafanyakazi walipata nyongeza, na BMW ikasitisha mipango ya kupanua uzalishaji wake huko. Hasara ya aina hiyo haionekani kwenye hesabu za mwezi. Ni kiwanda ambacho hakikujengwa, na asiyepata kazi humo hajui hata kwamba aliikosa. Ukiniuliza, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ambazo mwajiri anazo. Lakini nayo huzidishwa chumvi: Novemba 29, siku chache baada ya kura za wafanyakazi kuhesabiwa, GM ileile iliyolalamikia gharama ilitangaza kununua hisa zake za dola bilioni 10 na kuwaongezea wanahisa gawio.

Sasa siasa. Septemba 26 Rais Joe Biden alifika Michigan, akashika kipaza sauti na kusimama na wagomaji nje ya kituo cha vipuri cha GM. Alikuwa rais wa kwanza wa Marekani aliye madarakani kufanya hivyo. Kesho yake Donald Trump akahutubia katika kampuni ya vipuri ya Michigan isiyo na chama cha wafanyakazi. Wote wawili walitaka kura za jimbo lilelile. Fain hakuharakisha kuuza kura: alimwidhinisha Biden Januari 2024, alipokuwa ameshapata mkataba. Na bado Michigan ikamwendea Trump mwaka huo. Trump alipotangaza ushuru wa asilimia 25 kwa magari ya kutoka nje mwaka 2025, Fain, aliyekuwa amempinga kwa maneno makali, aliusifu. Anayedhani viongozi wa chama hubeba kura za wanachama mfukoni na asome tena aya hii. Matunda ya kudumu ya kisiasa yalikuwa kwingine. Toyota, Honda na Hyundai, ambazo viwanda vyao vya Marekani havina chama hicho, ziliongeza mishahara upesi. Aprili 2024 wafanyakazi wa Volkswagen kule Chattanooga, Tennessee, wakapiga kura kujiunga na UAW kwa asilimia 73. Mwezi uliofuata wale wa Mercedes kule Alabama walikataa.

Mwanamke mmoja, mwakilishi katika kiwanda cha plastiki, alitikisa kichwa. "Lakini sisi tukigoma, Mwalimu, ni siasa tangu siku ya kwanza." Nilimwambia ni kwa sababu migomo tunayoijua ni ya madaktari, walimu na wahadhiri. Madaktari waligoma siku 56 mwaka 2024. Serikali haipotezi faida daktari akiondoka wodini, inapoteza sura. Kwa hiyo mgomo wa umma hupiganwa kwa aibu, mbele ya kamera, na anayelipa ni mgonjwa. Wa kiwandani hupiganwa kwa pesa. Ukibeba mbinu za huo wa kwanza ukazipeleka kwenye huu wa pili, utapiga kelele sana na meneja hatatoka ofisini.

Sheria yetu, kwa kweli, katika jambo moja ni ya huruma kuliko ya Marekani. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka kwanza usuluhishi ujaribiwe, kisha notisi ya maandishi ya siku saba. Ukifuata hayo, mwajiri hawezi kukufuta kwa sababu uligoma, ilhali kule Marekani aliyegomea mshahara anaweza kukuta nafasi yake imepewa mtu mwingine moja kwa moja. Ila hapa na kule, siku ya mgomo haina mshahara. Mkono mtupu haulambwi. Vyama vyetu hukata ada kila mwezi, lakini katika miaka yangu ya kufundisha darasa hili sijakutana na mwakilishi aliyeniambia chama chake kina mfuko wa mgomo. Nikiuliza kwa nini, jibu ni lilelile: "Nani ataushika?" Hofu hiyo si ya Wakenya peke yao. Marais wawili wa zamani wa UAW walifungwa kwa ulaji wa fedha za wanachama. Baada ya kashfa hiyo wanachama wakaanza kumchagua rais wao kwa kura ya moja kwa moja, na Fain alikuwa wa kwanza kuingia kwa mlango huo, Machi 2023.

Kufikia hapo ilikuwa karibu saa mbili usiku na watu walianza kutazama simu, wakiogopa nauli ya usiku. Fundi wa kuchomelea hakuwa akitazama simu. Alikuwa ameandika mgongoni mwa karatasi ya somo: wanachama 240, kila mmoja shilingi 100 kwa mwezi. Kwa mwaka, 288,000. Posho ya shilingi 500 kwa siku kwa watu 240 ni 120,000.

"Siku mbili na kitu," akasema, kama mtu aliyepimiwa kitambaa kikapungua.

Jirani yake akavuta ile karatasi, akafuta 240, akaandika 30. Shilingi 15,000 kwa siku. Akagawa polepole, midomo ikitembea.

"Siku 19," akasema. "Ndugu yangu, kwenu wanaopaka rangi ni wangapi?"